Karamu ya Mama

Gereza, Kitale
3 Machi 2024

Dada Nelima,

Nakusalimu wewe, na shemeji, na Nekesa, na Mama ikiwa atazikubali salamu zangu. Mimi ni mzima. Mvua haijaanza huku lakini shamba la jela tumeshalilima, tunangoja mbegu tu. Karakana ya mbao wamenipandisha, sasa natengeneza milango. Ukiona mfungwa anapewa kazi ya milango, ujue wamemwamini.

Barua yako ya Januari ilinifikia ikiwa imefunguliwa, kama kawaida, maana afande lazima asome kwanza. Nimefurahi kwamba binti yako amepita mtihani. Lakini dada, umeandika "amefauru". Wewe na Mama mtazikwa na hiyo r yenu. Nilimsomea Gicheru, tunayelala naye seli moja, tukacheka sana. Halafu akasema nisikucheke, kwa sababu yeye hana mtu wa kumwandikia hata kwa makosa.

Sasa jambo lenyewe. Nimeokoka. Pasta Kipyegon, anayekuja kutuhubiria, alinibatiza Februari kwa drumu la maji nyuma ya jikoni. Nililia kama mtoto. Nilimwambia Mungu yote ya ile siku ya mpaka wa shamba: jinsi Protus alivyonijia na panga, jinsi nilivyomrushia jembe kujikinga, jinsi nilivyomuua ndugu yangu wa tumbo moja bila kukusudia. Nilipotoka majini nilijisikia mwepesi. Mungu amenisamehe, Nelima. Najua.

Miaka yangu inaisha. Wakitoa theluthi yao ya tabia njema, natoka tarehe kumi na nne Desemba. Nataka kuja nyumbani. Mama hajanitumia neno tangu 2013, hata moja. Muulize. Akisema nisije, nitatafuta chumba hapa Kipsongo na nitafanya vibarua mpaka nife. Lakini muulize.

Ndugu yako,
Hillary


Lugulu
21 Aprili 2024

Ndugu yangu Hillary,

Pokea salamu za nyumba hii. Nekesa anasema asante. Shemeji yako mgongo unamsumbua. Mahindi yameota vizuri lakini wale viwavi wamerudi, tunaokota kwa mkono kila asubuhi. Ile r uniachie, ni ya mama yangu.

Barua yako ilifika wiki ya Pasaka. Nimekawia kujibu kwa sababu ya Mama. Miguu imevimba, presha haishuki, tumekuwa tukimpeleka na kumrudisha hospitali. Sasa analala kwangu.

Nilimsomea yote. Nilipofika kwa habari ya drumu alisema sisi wa kanisa la Friends hatubatizi kwa maji, mtu anakaa kimya mpaka ukweli umtoke. Nilipofika kwa habari ya panga aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena. Halafu akageukia ukuta, na siku tatu hakusema neno isipokuwa kuomba uji.

Umemsalimu kila mtu na Dinah hukumtaja. Mke wa Protus yuko Webuye na wasichana wake wawili, anafulia watu nguo. Unajua ukoo ulimtoa pale nyumbani wewe ulipomaliza kusema kortini. Alikuwa amesema mume wake alitoka mikono mitupu. Wakamwita mwongo, ati anataka shamba. Nilipokutana naye sokoni vidole vyake vilikuwa vimechubuka na sabuni. Alinisalimu vizuri.

Siku ya nne Mama aliketi, akanituma dukani, nikarudi, akasema nilete karatasi. Akasema niandike hivi hivi na nisiongeze langu: "Hillary, nimekuwekea karamu. Iko tayari, inakungoja wewe tu. Usikawie, nisife kabla." Ndivyo alivyosema, na mimi sikuongeza.

Dada yako,
Nelima


Gereza, Kitale
2 Juni 2024

Dada Nelima,

Nawasalimu nyote kwa jina la Bwana. Mimi niko vizuri kuliko nilivyowahi kuwa tangu niingie hapa.

Mwambie Mama nimekubali karamu yake kwa mikono miwili. Sistahili, lakini nimekubali. Mwambie asihuzunike tena kwa ajili yangu. Miaka kumi na moja nimengoja neno moja kutoka kwake, na sasa limekuja, na ni neno kubwa kuliko nililoomba. Msomee hapa polepole, asikie vizuri.

Nimejaza ukurasa wa kwanza kwa furaha tu, sasa huu wa pili ni wako. Msichinje ng'ombe. Najua Mama, atataka kuuza shamba zima ili watu wale. Jogoo mmoja anatosha, na chapati kama unga upo. Hata chai tu. Nilipoisoma barua yako nilimwonyesha Pasta Kipyegon, akasema Jumapili nisimame nihubiri mwenyewe. Nikahubiri yule mwana aliyepotea, jinsi mzazi alivyomwona akiwa bado mbali akaagiza karamu. Wafungwa walilia. Hata afande mmoja alitoka nje. Sehemu ya kaka mkubwa niliiruka, muda ulikuwa umeisha.

Dinah mwambie namwombea.

Tarehe kumi na nne Desemba. Nahesabu siku.

Hillary


Gereza, Kitale
14 Julai 2024

Dada,

Salamu. Sijapata jibu. Wiki sita sasa. Je, barua ilipotea? Mama anaendeleaje? Kuna mvua nyingi huku. Nijibu hata mistari miwili.

Hillary


Lugulu
11 Agosti 2024

Ndugu yangu,

Salamu. Sisi ni wazima wale tuliobaki. Mama alituacha tarehe 27 Juni, asubuhi, hapa hospitali. Tulimzika tarehe 6 Julai, karibu na Protus. Nilimwomba Pasta wako kwa simu akuambie, akasema habari ya kifo cha mama haisemwi kwa simu na yeye hakuwa Kitale. Kisha niliogopa kuandika. Nisamehe kwa hilo. Na nina lingine la kuombea msamaha, nalo ndilo limenifunga mkono mpaka leo.

Hillary, ilikuwa karamu ya kuandikia. Ile yenye wino. Nilimnunulia mimi mwenyewe, siku ile aliponituma dukani, ya buluu. Akaiweka ndani ya Biblia pamoja na karatasi mbili zenye mistari. Mama hakuwahi kuandika maishani mwake, unajua alitia kidole gumba hata kwa kitambulisho. Ile karamu ilikuwa yako. Alitaka uandike ukweli wa siku ya mpaka, Dinah asomewe Mama akiwa bado hai.

Wewe umenicheka r yangu tangu tukiwa watoto. Hakuna barua yangu ambayo hukuisahihisha. Ile moja tu ya Aprili hukuisahihisha.

Mwezi wa tano Mama alinieleza. Ile panga iliyokutwa mkononi mwa Protus ilikuwa ya Mama mwenyewe, yenye mpini uliofungwa tyubu nyeusi. Asubuhi ile aliiacha jikoni juu ya mawe akaenda mtoni. Njiani alikutana na Protus anakwenda shambani, ameshika kamba ya katani na vigingi, basi. Jikoni uliyebaki ukinywa chai ni wewe. Alijua tangu saa ile aliporudi. Na jaji alipomuuliza alisema hakuona kitu, kwa sababu alikuwa amezika mtoto mmoja na hakutaka kuzika wawili. Ndiyo maana hakukutumia neno. Aliniambia hakuwa amekukasirikia wewe. Alikuwa anajiogopa mwenyewe.

Sasa dhambi yangu. Barua yako ya Juni ilifika Mama akiwa wodini, pumzi fupi. Nikaanza kumsomea: nimekubali karamu yako kwa mikono miwili, asihuzunike tena. Aliushika mkono wangu. Akasema, "Amekubari." Nikageuza ukurasa nikaona jogoo na chapati, nikaelewa. Na sikusoma. Nilikunja barua nikasema imeishia hapo. Akaagiza Dinah aitwe kutoka Webuye. Dinah akaja na mikono yake ile. Mama akamwambia mbele yangu, "Mwanangu, mumeo hakuwa na panga. Mimi nirijua nikanyamaza. Hillary amekubari kuandika." Akamwomba msamaha. Dinah alikaa akamlisha uji mpaka jioni. Siku ya tatu Mama akafa, uso umetulia.

Nilimdanganya mtu anayekufa. Sijui Mungu ataniweka wapi. Siku ya kunyoa nywele, matanga yalipokwisha, wazee walipouliza kama kuna mwenye neno kuhusu marehemu, Dinah alisimama mbele ya ukoo wote akasema, "Mama aliniahidi barua. Naingoja." Akaketi. Wazee wakanitazama mimi.

Ni wewe peke yako unayeweza kuufanya ule uongo wangu uwe kweli.

Nelima


Gereza, Kitale
8 Septemba 2024

Nelima,

Nimepata barua. Pasta pia amekuja. Nimemlilia Mama na bado namlilia. Hawakunipa ruhusa hata ya kuacha kazi ya karakana siku hiyo, nilitengeneza mlango nikilia.

Hayo mengine sielewi unataka nini. Mama alikuwa mgonjwa, na mgonjwa huota mambo. Panga ni panga, kila jiko lina panga. Korti ilisikiliza ikamaliza, nimefungwa miaka yangu, na Mungu amenisamehe. Yeye akisamehe, nani wa kufungua tena? Gicheru anasema mtu akiandika mambo kama hayo na afande akayasoma, Desemba anaisikia kwa wenzake tu.

Nisalimie Nekesa.

H.


Lugulu
29 Septemba 2024

Hillary,

Salamu. Tunavuna.

Sitabishana nawe. Nimempa Pasta Kipyegon ile karamu, pamoja na zile karatasi mbili, alipopita hapa. Haijaandika hata nukta. Kifuniko kina alama za meno, ni Mama, alikuwa akikitafuna akikungoja.

Nina swali moja tu, na ni la mtu asiyejua maandiko kama wewe. Siku ile kwa drumu, ulimwambia Mungu nini?

Nelima


Gereza, Kitale
3 Novemba 2024

Dada Nelima,

Nakusalimu, na nyumba yako. Sina habari za mvua leo.

Swali lako nimelala nalo mwezi mzima. Nilimwambia Mungu yale yale niliyomwambia jaji. Nilitubu kosa la kujikinga. Nililia kweli, machozi yalikuwa ya kweli, lakini kosa nililolitubu sikulifanya. Basi Mungu alinisamehe nini? Nilimuuliza Pasta. Akasema rehema ya Mungu haina mwisho, lakini huingia kwa mlango ambao mtu ameufungua. Akaniambia, "Wewe si ndiye fundi wa milango?" Sikucheka, na yeye hakucheka.

Naandika kwa kalamu ya Mama. Hii karatasi ni ya Dinah. Msomee bila kuruka.

Shemeji Dinah. Mume wako alitoka mikono mitupu kama ulivyosema. Tulisimama kortini tukakufanya mwongo. Hukuwa mwongo.

Tulikuwa tumegombana Jumamosi juu ya mpaka aliotuachia Baba. Nilisema hatua sita ni zangu, yeye akasema tupime tu, kamba haina ndugu. Jumatatu nilikunywa chai kwa Mama, Mama akaenda mtoni. Nilimwona Protus kwa mbali amechuchumaa anafunga kamba kwenye kigingi. Nikachukua jembe nikaenda. Nilikuwa na hasira tangu Jumamosi, na sikuwa nimelala. Alisikia miguu yangu. Hakuogopa. Alinyoosha mkono nyuma bila hata kugeuka, akanipa ncha ya kamba, akasema, "Shika huku." Alidhani nimekuja kumsaidia kupima.

Niliishika. Kisha nikaiachia nikampiga kisogoni, mara mbili. Hakuna panga aliyonijia nayo. Hakuna alichonitendea. Nilipoona hapumui nilikimbia jikoni, nikaleta panga ya Mama nikamkunjia vidole kwenye mpini. Vilikuwa bado na joto. Kamba niliisukuma chooni. Hiyo ndiyo kamba uliyoitafuta, uliyosema kortini kwamba alitoka nayo, na wakili wangu akakuuliza kwa kejeli, iko wapi.

Usiku mwingi nasikia ile "shika huku". Sikuwahi kumwambia mtu, hata Mungu, kwa sababu mtu akisikia hayo hatasema tena kwamba sikukusudia.

Sikuombi unisamehe. Nimejifunza kuomba vitu vikubwa kwa watu niliowanyima vidogo. Naomba ukoo ukurudishe kwenye nyumba yako, na hatua zile sita ziwe za wasichana, na zangu zote vilevile. Wazee wasomewe hii. Mimi Hillary nimeandika kwa mkono wangu.

Nelima, afande atasoma hii kabla yako. Nimempa mwenyewe mkononi, sikuificha. Gicheru amenuna, hasemi nami tangu jana. Pengine sitatoka Desemba. Pengine watanirudisha kortini. Nimeogopa sana. Nilipomaliza nilipiga magoti nikamwambia Mungu yote upya, na safari hii sikujisikia mwepesi. Nilijisikia mzito, kama mtu aliyebeba maiti ya ndugu yake. Pasta anasema huenda huko ndiko kutubu, na kule kwa kwanza kulikuwa kuoga tu. Sijui. Sina uhakika kama zamani.

Kalamu nairudisha na barua hii. Si yangu tena.

Hillary


Lugulu
24 Novemba 2024

Ndugu yangu Hillary,

Nakusalimu. Sisi tuko. Mahindi yameanikwa, Nekesa amefunga shule.

Pasta alileta bahasha wiki iliyopita. Anasema ilikaa kwa wakubwa wa jela siku kumi na tatu, na kwamba wameandika mahali fulani kuuliza wafanye nini na wewe. Hajui watajibiwaje, na hawezi kukuahidi Desemba. Nimelia kwa ajili ya hilo. Nilitaka nikuambie nimelia, kwa sababu wakati wa kesi sikulia.

Nilikwenda Webuye mwenyewe. Nilimkuta Dinah anaanika mashuka ya watu. Nikamwambia barua imefika. Alipangusa mikono kwa leso, akaketi juu ya karai lililopinduliwa, akasema nisome. Nikasoma bila kuruka. Nilipofika kwa habari ya kamba alinisimamisha.

"Alisema nini?"

"Shika huku."

"Rudia."

Nikarudia. Akafumba macho. Akasema, "Ni yeye. Ndivyo alivyokuwa akisema nikimsaidia kufunga ng'ombe. Hata hakuwa anageuka." Kisha akalia, Hillary, kwa sauti, mpaka majirani wakatoka. Sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi ya Protus. Kortini walimwita mwongo, hakulia.

Nikamaliza kusoma. Nikamwambia pia juu ya ule ukurasa wa pili niliouficha, jogoo na chapati, kwamba Mama alikufa akiamini kitu ambacho hakikuwa. Nilidhani atanifukuza. Alinitazama, akasema, "Sasa kimekuwa." Halafu akasema nimsaidie kukamua shuka lililobaki, tukalikamua, yeye upande ule na mimi upande huu.

Jumamosi wazee watakaa. Barua itasomwa. Wengine wameshanuna, maana itabidi waseme walikosea, na kwa mzee wa ukoo hiyo ni kazi ngumu kuliko kuchimba kisima. Lakini itasomwa.

Nilipokuwa nikiondoka nilimuuliza Dinah nikuandikie nini. Alisema nisikuandikie kwamba amekusamehe. Nikasema sawa. Akasema pia nisikuandikie kwamba hajakusamehe. Akaniuliza ile barua uliiandika kwa kitu gani. Nikamtolea ile ya buluu kwenye mkoba. Aliishika kwa vile vidole, akaijaribu kwenye kiganja, akaona bado ina wino.

Amebaki nayo. Alisema atakuandikia mwenyewe siku akiweza, na hajui ni lini, na hajui ataandika nini. Akanitajia neno herufi moja moja, nisije nikakosea tena, akasema nikuambie yuko na kalamu.

Wewe ngoja. Yeye alingoja miaka kumi na moja.

Dada yako,
Nelima